Kivumbasi, dawa ya kando ya njia

Kivumbasi hujiotea chenyewe kando ya mashamba na kwenye mahame, na ukiyapekecha majani yake kati ya vidole, harufu kali inayokaribia ile ya karafuu hubaki mkononi kwa muda mrefu, kwa kuwa mafuta yake, kama ya karafuu, mara nyingi huwa na eujenoli, kemikali inayotoa harufu hiyo. Majani huchemshwa, na mwenye mafua hujifunika shuka akajifukiza. Wengine hunywa maji yake kutuliza tumbo. Jioni matawi mabichi hufukizwa chumbani kufukuza mbu, matumizi ninayoyathamini kuliko yote, ingawa hayachukui nafasi ya chandarua, na mwenye homa hana budi kupimwa malaria. Wakulima nao huyachanganya majani makavu na nafaka ghalani ili kuzuia wadudu waharibifu.