Nilivyotembea Harbin kwenye mainasi 25 nikiwa na mwenyeji

Wengi wakiona picha zangu za Harbin nimesimama mbele ya ghorofa la barafu linawaka taa za zambarau na kijani swali la kwanza ni ulivaa nini, na mi nawajibu hivi, nguo ni nusu ya habari, nusu nyingine ni kuwa na mtu anayejua uingie ndani saa ngapi. Mi ni mtu wa Dar, Ilala hapo, nafata mzigo Guangzhou, kusini mwa China, na Guangzhou hata January ukivaa sweta na koti la kawaida umemaliza. Harbin sio hivyo. Ipo kaskazini mashariki mwa China, mkoa wa Heilongjiang unaopakana na Urusi, January usiku inashuka mainasi 20 na kitu, kuna siku inakaribia mainasi 30, na mchana jua linawaka safi kabisa ila halina msaada wowote, lipo lipo tu.

Ilikuwa hivi, kiwanda kinachonishonea mabegi wakasema mzigo hautoki mpaka wiki inayofuata, na binamu yangu anayesoma Beijing alikuwa ndo kafunga chuo, akanambia dada njoo tukaone barafu, treni ya kasi kutoka Beijing ni masaa kama matano tu unafika. Nikamwambia sawa ila tutafute mwenyeji, maana Kichina changu ni cha kuulizia bei na yeye cha kwake ni cha darasani, tukipotea usiku kwenye baridi hiyo hatuna hata pa kugonga.

Mwongozaji, mama mmoja, tulimpata mtandaoni, na China wana leseni kabisa za kazi hiyo, kwahiyo binamu akaomba aone ya kwake kabla ya kulipa chochote. Tukakubaliana naye mambo kwa meseji. Bei iwe ya siku nzima sio ya kila kichwa, chakula kiwe halali, na asitupeleke madukani. Hili la maduka mlizingatie jamani, sehemu nyingi tu duniani unapewa bei ya chee ya kutembezwa halafu nusu ya siku unashinda kwenye duka la mikufu unabembelezwa ununue, kwenye joto ni kero tu ila kwenye mji ambao jua linazama saa kumi jioni umeibiwa siku. Ndio, saa kumi! China nzima inatumia saa ya Beijing na Harbin ipo mashariki zaidi tena kaskazini, kwahiyo January saa kumi na nusu giza limeshaanza kuingia.

Yule mama akajibu yote sawa, kisha akaomba kitu sikutegemea, tumtumie picha za viatu. Viatu tu, makoti hakuyauliza. Akavikataa vyote. Akasema mdogo wangu (ndo alivyokuwa ananiita, na binamu alikuwa anamwita shangazi kama wanavyoitana kule) koti utavumilia, miguu hutavumilia, ukifika kesho asubuhi kabla ya kwenda popote tunanunua buti. Na kweli, alitupeleka kwenye maduka ya chini ya ardhi, maana katikati ya Harbin kuna mitaa mizima ya biashara ipo chini, unashuka ngazi unakuta Kariakoo nyingine huko chini na joto lake. Tukachukua buti zenye manyoya ndani na soli nene, namba moja zaidi ya tunayovaa. Sababu yake ni kwamba soksi mbili za sufu zikibanwa damu haipiti vizuri na hewa ya joto inakosa nafasi, vidole vinakufa ganzi hata kama umevaa soksi tano.

Kuhusu mengine nitapita haraka. Ndani kabisa nguo ndefu ya kubana isiyo ya pamba, kwa sababu pamba ikilowa jasho inakaa na ule unyevu na ukitoka nje unaganda nao. Juu yake sweta la sufu, juu kabisa koti refu la manyoya ya bata linalovuka magoti, suruali mbili, kofia ya kufunika masikio, skafu ya kuziba pua. Hijabu yangu ilikaa chini ya kofia, na nawaambia kina dada, huko wenye hijabu tumetangulia, shingo yangu haikuwahi kuona baridi. Halafu kuna vile vipakiti vya kubandika vinavyojipasha moto vyenyewe, ndani ni unga wa chuma ambao ukikutana na hewa unatoa joto kwa masaa. Unabandika juu ya nguo ya ndani, mgongoni na tumboni, USIBANDIKE kwenye ngozi maana vinaunguza polepole na hustuki. Vya miguuni ni vingine, vimetengenezwa kwa ajili ya ndani ya kiatu.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho watu hawakifikirii kabisa, simu. Baridi ile inaua betri. Binamu alikuwa na asilimia 60 tupo tunapiga picha kanisani, simu ikazima papo hapo kama imechomolewa. Na kwa China simu ikizima umekwisha, hela ipo humo, tiketi ipo humo, teksi unaita humo. Mwenyeji wetu hakushangaa hata kidogo, akatoa kipakiti kimoja akakibandika nyuma ya kava la simu, akamwambia aiweke mfuko wa ndani ya koti karibu na mwili, baada ya muda ikawaka na chaji yake ileile. Toka hapo sheria ikawa simu inatoka kwa picha mbili tatu inarudi ndani, pawabenki nayo inakaa kifuani, na kila mtu ana noti kidogo mfukoni na pasipoti, sababu tiketi za sehemu nyingi zinakatwa kwa pasipoti.

Ratiba yake ndo iliyotuweka hai. Nje dakika ishirini, labda nusu saa kama hakuna upepo, halafu ndani dakika kumi, unakunywa kitu cha moto, unatoka tena. Na akiingia ndani anakulazimisha ufungue koti na kuvua kofia hata kama mnakaa muda mfupi. Mi mwanzo nilikuwa nabisha, naona usumbufu. Ila majumba yao yana mabomba ya maji moto ukutani, ndani unakuta joto la nyuzi 22 au 25, ukikaa umejifunika unatoka jasho na lile jasho ndo linakutafuna ukirudi nje. Milangoni wananing'iniza mapazia mazito kama magodoro ya kuzuia baridi, unayasukuma kwa bega na miwani inaingia ukungu huoni mtu, unasimama hapo kama dakika hivi mpaka ipate joto.

Mtaa wa Zhongyang ndo tulianzia, unaenda kwa miguu moja kwa moja mpaka mtoni, karibu kilomita moja na nusu, hauruhusiwi magari. Chini umetandikwa mawe madogo ya tangu 1924 yamesimamishwa wima yamelainika kwa kukanyagwa, na majengo ya pembeni ukiyaangalia unadhani upo Ulaya. Hiyo ni kazi ya Warusi, walianza kujenga reli ya kupita Manchuria, yaani huku kaskazini mashariki mwa China, 1898 na mji ukakulia hapo kwenye reli. Baba yake huyu mama naye alikuwa mfanyakazi wa reli kwahiyo hapa alizungumza kwa mapenzi kweli, alikuwa anatuonyesha madirisha, yana vioo tabaka mbili na katikati unakuta wengine wameweka chakula, friji ya bure. Nje ya hoteli moja ya zamani watu wamepanga foleni wananunua lambalamba, kwenye mainasi 20! Na njia nzima wauzaji wamepanga maboksi ya lambalamba barabarani bila friji wala nini. Nilikula moja, ni tamu ya maziwa, na ajabu mdomoni haikuwa baridi kuliko hewa yenyewe. Kanisa la Mtakatifu Sofia lipo karibu na hapo, matofali mekundu na kuba la kijani, hili lililopo lilimalizika 1932, siku hizi haliendeshi ibada. Wadada wengi wanakodi magauni ya kifalme ya Kirusi wanapigwa picha mbele yake, mabega wazi, mpiga picha akimaliza tu anawarushia koti. Sisi nao tulikuwa kivutio, watu wanaomba selfi, wengine hata hawaombi, na mwenyeji wetu akawa anawahesabia, mbili basi, hawa wanaganda.

Mto Songhua unakuwa umeganda kabisa, watu wanatembea juu, kuna baiskeli za barafuni, kuna vigari vya kuteleza, kuna mzee anauza viazi vitamu vya kuchoma katikati ya mto. Nilikanyaga kwa woga mpaka nikaona lori dogo linapita nikasema basi kama hili halizami sisi ni nani. Kutembea kuna namna yake, hatua fupi, unakanyaga na mguu mzima, magoti yamelegea, mikono isikae mfukoni. Binamu alijifanya mjanja akaenda kwa madaha, sitasema zaidi.

Chakula tulikula Daowai, upande wa zamani wa mji, kuna Wahui wengi pale ambao ni Waislamu wa Kichina na kuna msikiti wao mkubwa. Migahawa yao unaitambua kwa kibao cha kijani chenye maandishi ya Kiarabu. Mzee wa mlangoni nilivyompa salamu akaitikia kwa Kiarabu kizuri kabisa halafu tukabaki tunachekeana, hatuna lugha nyingine. Supu ya kondoo, jiaozi (vile vifuko vya unga vya kuchemsha) za nyama ya ng'ombe, mishikaki yenye bizari ya pilau. Na mwisho wakaleta matunda ya pea, meusi. Haya huwa wanayaacha nje yanaganda mpaka ganda linakuwa jeusi kama limeoza na gumu kama jiwe. Kabla ya kula unayatumbukiza kwenye bakuli la maji baridi, sio ya moto, na baada ya muda barafu inatoka nje ya tunda yenyewe, inatengeneza ganda la kioo kulizunguka. Unaligonga mezani linapasuka, ndani pea limekuwa laini, unalitoboa kwa jino unalifyonza, linabaki ngozi tu. Nilifyonza matatu.

Ile sehemu yenyewe ya majumba ya barafu, bustani ya Ice and Snow World, tuliingia saa tisa mchana, na hapa ndo niliona faida ya hela yangu. Yeye alisema muingie kukiwa na mwanga muone barafu ilivyo, halafu giza liwakute ndani taa zikiwashwa, maana wanaokuja saa kumi na mbili wanakutana na foleni ya nje na baridi ya usiku kwa pamoja. Tiketi mwaka huo ilikuwa yuan 328 mtu mzima. Barafu inakatwa palepale mto Songhua mwezi December, vipande vikubwa, wanavibeba kwa malori, wanavipanga kama matofali na saruji yao ni maji tu, wakimwagia yanaganda hapohapo vinashikana. Kwa wiki chache mji mzima wa barafu umesimama na mwisho wa February unayeyuka, mwakani wanaanza upya, hii bustani wanafanya hivyo tangu 1999. Nilisogeza uso kwenye ukuta mmoja mpaka pua inagusa skafu, barafu ya mtoni ni safi unaona mapovu ya hewa yamekaa mistari mistari, na ndani kabisa wamechimba mfereji mwembamba ikapitishwa taa na waya, ndo maana likiwaka linawaka lote kutokea moyoni sio kumulikwa kutoka nje.

Ile slaidi ndefu ya barafu ya kuteleza yenye mamia ya mita sikupanda. Foleni yake ni masaa, na mwenyeji akatuambia wazi, mkitaka nitawasubiri kwenye ukumbi wa joto ila mguu wako mdogo wangu hautasubiri. Watu wenye watoto waweke nafasi mapema mtandaoni. Sisi tuliingia kwenye zile kumbi za joto mara kadhaa, tukanywa chai, tukatoka, tukakaa mpaka saa mbili usiku na hakuna aliyelia vidole, wakati nje nilipishana na watu wamevaa makoti ya bei mbaya kuliko yangu wanakimbilia geti baada ya nusu saa.

Kwa anayepanga, tamasha la barafu la Harbin linafunguliwa rasmi tarehe 5 January, ila bustani inafunguliwa December baridi ikikubali. Epukeni mwaka mpya wa mwanzoni January na ule wa Kichina, vyumba vinapanda bei vibaya. Mwenyeji mlipe ya siku nzima kama mlivyokubaliana na mlipie chakula mnachokula naye, bahashishi China sio desturi, wetu alivyopewa aliirudisha mara mbili, tukaishia kumwachia pakiti ya kahawa ya Kilimanjaro ambayo binamu alikuwa nayo, hiyo akaipokea.

Buti nimemwachia binamu, Kariakoo nitazivaa na nani.