Ndege niliotembea juu ya paa lao

Leo nimevuka kwenda Skomer, kisiwa kidogo cha pwani ya Wales. Shida yangu ilikuwa pafini tu, wale ndege wenye midomo ya rangirangi kana kwamba wamealikwa harusini. Boti kutoka Martin's Haven, halafu ngazi 87 za kupanda. Magoti yangu yamezihesabu moja moja.

Kumbe pafini ni kadogo! Picha zinadanganya. Hafiki hata nusu kilo. Kuku wa kienyeji anamshinda. Pale The Wick, kwenye magenge ya kisiwa, wanakatiza njia ya watu kwenda mashimoni mwao, nasi tunasimama kuwapisha. Mmoja alitua karibu na viatu vyangu, visamaki vyembamba vinaning'inia huku na huku mdomoni kama masharubu. Anaongezaje wa kumi bila kudondosha tisa? Ulimi ndio unaowabana juu, kwenye vimiba vya kaakaa, na ncha ya mdomo inabaki huru kunasa mwingine. Alinitazama kwa jicho moja, akatimua mbio kwa vijiguu vya rangi ya chungwa, akatumbukia shimoni. Shakwe aliyekuwa akimvizia ampore akaishia kupiga kelele.

Miambani walijipanga gilemoti na rezabili, ndege wengine wa baharini. Sikuwapa muda, wanisamehe.

Lakini kilichonikaa ni mabawa. Yametapakaa njia nzima, jozi jozi, makavu, yameshikana na mfupa wa kidari, nyama hakuna. Ni ya shiawota wa Manx, ndege wa baharini anayetaga mashimoni. Nchi kavu miguu haimbebi vizuri, na shakwe wakubwa wenye mgongo mweusi wakimkuta wanamrarua. Kwa hiyo hutua usiku tu. Mchana mmoja analalia yai shimoni, mwenzake yuko baharini. Hapo kisiwani wako jozi kama 350,000! Ndiyo maana hairuhusiwi kuacha njia: ukikanyaga pembeni, ardhi inaweza kutitia na shimo likamfukia ndege aliyemo. Nimeshinda kutwa nzima juu ya paa lao, na sikuona hata mmoja aliye hai.

Sasa ni saa sita usiku, niko chumbani huku bara. Mwezi hakuna, na giza kama hili ndilo wanalolipenda kurudia nyumbani. Nimefungua dirisha, ingawa najua sauti zao hazifiki huku.