Mwenye kifua sugu hakatai watu, anaikwepa njia

Mtu mwenye mapafu mabovu, iwe ni COPD (ugonjwa sugu wa njia za hewa kubana) iliyoletwa na sigara au moshi wa kuni, iwe ni makovu yaliyobaki baada ya kifua kikuu, haachi kutoka nje kwa siku moja. Kwanza anaacha kikoba, maana wanakutana ghorofani. Kisha harusi, kwa sababu ya udi. Halafu msikiti au kanisa. Mtaani wanasema anaringa, na mwaliko unakoma. Ndugu wakija wanaleta maneno ya faraja, wakati alichokosa ni kiti njiani.

Kwa hiyo anza na njia. Ipite peke yako kabla hujamwalika. Kama mgonjwa hupumzika kila baada ya mita 50, basi kila mita 50 pawe na pa kukaa: baraza la jirani, benchi la duka, gogo chini ya mwembe. Waombe wenyewe mapema, ili asionekane anavamia. Pasipo na kiti, aegemee ukuta au ainame kidogo na kushika mapaja. Mabega yakitulia, pumzi inarudi upesi. Avute hewa kwa pua akihesabu mbili, aitoe kwa midomo iliyobanwa kama anayepoza uji, akihesabu nne. Akiwa anatembea, hesabu hiyohiyo aifanye kwa hatua.

Kosa ambalo karibu kila msindikizaji hulifanya ni kupiga naye soga mkiwa mnatembea. Kwa adabu atajibu, pumzi itamkatika, ataona aibu, na wiki ijayo atasema ana wageni. Tembeeni kimya. Mazungumzo yapo mkifika.

Kama daktari amempa pampu ya salbutamol, dawa ya kufungua njia za hewa, ya kutumia kabla ya kujichosha, aivute dakika 15 hivi kabla ya kutoka, na aibebe. Wengi huificha, kwa sababu mtaani pampu huonekana kama hatua ya mwisho kabla ya kaburi. Asiyeweza kuibonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja anaweza kutumia chupa ya plastiki ya nusu lita: toboa kitako kwa waya wa moto, tundu lilingane na mdomo wa pampu bila kupwaya, naye avute kwenye mdomo wa chupa. Ioshe kwa maji ya sabuni na uiache ikauke yenyewe. Ukiisugua kwa kitambaa, dawa itang'ang'ania kwenye kuta za chupa badala ya kumfikia.

Mwenyeji naye ana kazi yake. Chetezo, jiko la mkaa na dawa ya mbu ya kuchoma viondolewe kabla mgeni hajafika, si akiwa tayari anakohoa mbele za watu. Mpe kiti chenye mikono, karibu na mlango. Mkeka ni heshima, lakini kuinuka kutoka chini kunammaliza. Hata kuinama kufungua kamba za viatu humkata pumzi, kwa hiyo avae malapa. Chakula kiwe kidogo kidogo. Tumbo likijaa husukuma juu kiwambo, msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, na mapafu hukosa nafasi.

Kikohozi ndicho kinachowakimbiza majirani. Aliyemaliza dozi ya kifua kikuu na vipimo vikathibitisha amepona hamwambukizi mtu kwa kikohozi cha makovu. Akiridhia, mhudumu wa afya awaambie majirani hivyo waziwazi. Lakini kikohozi kipya cha wiki 2 au zaidi, homa za jioni au kukonda, hapo makohozi yapimwe.

Kikundi husaidia kuliko ziara moja moja. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, waliopona kifua kikuu walifanyishwa mazoezi mara 2 kwa wiki kwa wiki 6, na mpango huo unaigika chini ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo: kutembea, kusimama na kuketi kwenye kiti, kunyanyua chupa za maji. Kwenye kipimo cha 0 (hahemi kabisa) hadi 10 (pumzi imemwishia), kuhema kufike 3 au 4. Watu wasizidi 10, mahali pawe wazi penye kivuli na choo karibu. Nusu saa ya kahawa baadaye isikatwe kamwe. Wengi ndiyo wanayoifuata. Wiki 6 zikiisha, kikundi husambaratika kama hakuna kinachowarudisha, na hapo kibubu cha kuchangiana nauli ya bajaji hufanya kazi kuliko hotuba.

Asiyetokea apigiwe simu siku hiyohiyo. Uliza maswali ya ndiyo au hapana, na usimmalizie sentensi. Ujumbe wa sauti ni bora zaidi, anarekodi vipande vipande kwa pumzi yake. Akishindwa kumaliza maneno matatu hali ameketi, au midomo ikiwa ya bluu, kata simu umtafutie gari la hospitali.