Siku moja maishani mwangu: mimi na lita 20 za watu

Saa 10 na nusu alfajiri simu inalia. Kazi yangu ni kufuatilia mafuta yanayomwagika baharini, kwa hiyo simu ya saa hizi najua tu kuna mahali yamemwagika. Meli ilikuwa inajaza mafuta bandarini Kilindini, Mombasa, paipu ikavuja usiku, sasa yanaelekea kwenye mikoko ya Port Reitz, mkono wa bahari ulio jirani. "Ni kama lita 20 tu, madam." Kila mara ni lita 20, sijui walikubaliana wapi hiyo namba.

Saa 12 chai na mahamri nimesimama, gambuti, kuingia botini.

Saa 1 tuko majini. Watu hudhani naenda kusafisha bahari, kumbe kazi ya kwanza ni kuangalia rangi. Utando wa rangi ya fedha ni mwembamba sana, kilomita moja ya mraba ina lita 40 hadi 300, ukiwa na rangi za upinde wa mvua ni 300 mpaka 5,000. Leo kuna upinde na katikati mabaka meusi mazito, kwa hiyo stori ya lita 20 imeishia hapo. Maji yanajaa na upepo nao unasukuma, tukakimbia kufunga boya refu la kuzuia mafuta kwenye mdomo wa mkono wa bahari.

Saa 4 ndo akaja bwana mmoja na madramu ya sabuni ya kumwagia mafuta.

"Dada, hii nikimwaga dakika 10 huoni kitu."

Ndo shida yenyewe hiyo, mimi sitaona, kamba na samaki wadogo huko chini ndo wataona, maana sabuni haiondoi mafuta, inayavunja vipande vidogo na kuyashusha, na hapa maji ni kina kifupi, yataenda wapi? Nikamwambia Uingereza 1967 meli ya Torrey Canyon ilivunjika wakamwaga sabuni fukweni, na zile fukwe zilizomwagiwa zikachelewa kupona kuliko zilizoachwa. Akanisikiliza vizuri sana halafu akampigia bosi wake. Bosi wake akampigia bosi wangu, bosi wangu akanipigia mimi, na mimi nimesimama juani na ovaroli ya mwanaume naeleza yale yale mara ya 4. Mzee mmoja mvuvi kwenye ngalawa yake akasema, "Mwanangu, muulize kama atakunywa yeye kwanza." Nilicheka mpaka nikasahau kukasirika. Madramu yakarudi yalikotoka, saa 2 nzima zimekwenda.

Mchana sikumbuki vizuri, kula sijala. Vijana walitaka kuingia kwenye mikoko na matambara nikawazuia, ukikanyaga unashindilia mafuta ndani ya tope, na ile mizizi ya mchu, aina ya mkoko, inayochomoza kama penseli ndo pua zake. Tukasubiri maji yapwe tufanyie kazi pembeni, kwa mkono. Halafu sampuli: chupa za kioo cha kahawia, plastiki hapana, lebo, saa, sahihi, barafu. Maabara italinganisha na mafuta ya tangi la meli, kila mafuta yana alama zake kama vidole. Kuipata hiyo sampuli ya tangi nilikaa ngazini mpaka jua linazama, kepteni "yuko mkutanoni".

Nyumbani mwanangu kaziba pua. Nimeoga mara 2, nywele bado. Yule mzee kapiga simu anauliza kesho atege nyavu au vipi, nikamwambia asubiri. "Mpaka lini?" Maji yanapwa tena alfajiri, nimemwambia tukutane pale pale.