Nilivyoshika mfuko wa umoja wa ukweni, kutoka Houston hadi Anambra

Mume wangu ni Mwigbo wa jimbo la Anambra, kusini-mashariki mwa Nigeria, mimi ni Mchagga wa Marangu, na makazi yetu ni Houston, Texas, jiji lenye Wanigeria wengi kweli kweli. Waliponichagua kuwa mweka hazina wa tawi la umoja wa mji wao, baadhi ya wazee walinung'unika. Mke wa mtu, tena mgeni, tena wa Afrika Mashariki, ashike fedha zetu? Lakini kilichonipitisha ndicho hicho hicho. Sikuzaliwa kule, na ugomvi wa kijiji hiki na kijiji kile sikuurithi. Kila upande uliona afadhali mimi kuliko mtu wa upande wa pili.

Vyama hivi vya watu wa mji mmoja Waigbo wanavyo tangu enzi za mkoloni, walipoanza kuhamia Lagos, Enugu na Port Harcourt kutafuta kazi. Walichangishana kujenga shule na kusomesha vijana. Kisha ikaja vita ya Biafra, eneo lao lilipojaribu kujitenga na Nigeria, 1967 hadi 1970, na ilipokwisha, mtu aliyekuwa na akiba benki alirudishiwa pauni 20 tu, hata kama alikuwa ameweka maelfu. Watu waliopitia hayo hawakai wakisubiri serikali. Anambra ina miji 179 inayotambuliwa na serikali ya jimbo, na ukienda kwenye mji wowote utaonyeshwa shule, barabara au zahanati iliyojengwa kwa michango. Nyumbani kuna mwenyekiti mkuu, wote wanamwita PG, na matawi yapo popote watu wao walipo. Sisi Wachagga tunajisifu kwa kurudi Kilimanjaro kila Desemba, lakini kwa hawa jamaa tunasubiri.

Ubishi wa mwaka wangu wa kwanza ulikuwa juu ya ukumbi. Wanaume walitaka ukumbi mkubwa wa mikutano, wenye jina la tawi letu getini. Mimi nilikuwa nimeiona zahanati. Ilijengwa kwa michango ya miaka ya nyuma, kuta nzuri, bati zima, vitanda vipo, ila maji yalinunuliwa kwa lori na usiku mkunga alizalisha kwa tochi ya simu. Jenereta ndogo ya petroli ilikuwepo. Ruzuku ya mafuta ilipoondolewa mwishoni mwa Mei 2023, bei ikapanda zaidi ya mara mbili kwa mkupuo, na jenereta ikawa ya kuwashwa kwa dharura tu.

Kwenye kikao nilisimama nikasema, "Wazee wangu, ukumbi tutaujaza Desemba, tukiwa wote nyumbani. Februari utakuwa wa popo. Zahanati ina watu leo." Mzee mmoja akajibu kwamba zahanati imeshajengwa, kwa hiyo hesabu yake imefungwa. Ni kasoro ninayoiona sana katika vyama vya aina hii, vyetu vya Kitanzania vikiwemo. Kila mtu anataka kuzindua, na wa kulipia betri haonekani. Tulipiga kura. Kisima na umeme wa jua vikapita, kwa kura za wanawake hasa, wengi wao wauguzi ambao hawakuhitaji kuelezwa chumba cha kuzalia bila taa kinakuwaje.

Kuchangisha kwenyewe hakukunitisha. Mtu aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi Moshi au Dar es Salaam anajua kudai mchango bila kuvunja urafiki. Waigbo wana hafla yao ya kuchangisha, wanaiita uzinduzi. Mshereheshaji anawaita wakubwa mmoja mmoja, mtu anatangaza dola elfu moja mbele ya kipaza sauti, ukumbi unalipuka kwa makofi, ngoma inapigwa, noti zinarushwa. Kesho yake ahadi nyingi hazikumbukwi na wenyewe. Nikafungua daftari la kamati ya harusi kama lilivyo: jina, ahadi, kilicholipwa, kilichobaki. Huku mishahara hutoka kila wiki mbili, kwa hiyo nilipiga simu Ijumaa ya mshahara, si Jumatatu mtu akiwa ameshaishiwa. Nilianza na salamu za watoto, nikauliza hali ya mama nyumbani, ndipo nikafika kwenye ahadi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kila mwisho wa mwezi nilituma kwenye grupu la WhatsApp picha ya taarifa ya benki pamoja na majina ya waliolipa. Majina ya wasiolipa sikuyatuma kamwe. Walijijua kwa kutojiona.

Jambo lingine lililotusaidia ni usajili. Tawi lilikuwa limesajiliwa kama shirika la hisani linalotambuliwa na mamlaka ya kodi ya Marekani, na kampuni nyingi kubwa huongeza mchango wao juu ya mchango wa mfanyakazi kwa mashirika ya namna hiyo. Wanachama wetu walioajiriwa kwenye kampuni za mafuta walikuwa na haki hiyo miaka yote bila kuitumia. Ilibidi kukaa nao mmoja mmoja na kompyuta, kujaza fomu. Kazi ya kuchosha, lakini dola ya mtu mmoja ikawa mbili.

Naira ndiyo iliyoninyima usingizi. Juni 2023 Benki Kuu ya Nigeria iliiachia sarafu ijitafutie bei sokoni. Dola iliyokuwa naira 460 hivi ikafika mia saba na zaidi katika muda mfupi, na Februari 2024 ikavuka 1,500. Kwenye grupu watu walishangilia kwamba fedha zetu zimeongezeka. Zimeongezeka wapi? Pampu, paneli na betri vyote vinatoka nje, bei yake inaifuata dola, na fundi akikupa makadirio leo, wiki ijayo anakuambia yameshapitwa. Nikaacha kuandika bajeti kwa naira. Niliiandika kwa vitu: paneli ngapi, betri ngapi, mifuko ya saruji, matangi, mita za kuchimba. Fedha zilikaa Houston kwa dola, na zilivushwa siku ya kununua kitu, kwa kiasi cha kitu hicho. Waliokuwa wanataka tutume zote "zisubiri kule" walinichukia kwa miezi kadhaa. Niliwaachia wanichukie.

Huko kwenye miinuko ya kusini mwa Awka, makao makuu ya jimbo, maji yako mbali sana chini ya ardhi. Makadirio ya bei rahisi tuliyoletewa yaliandikwa kana kwamba tunachimba Onitsha, ukingoni mwa mto Niger. Mkataba tuliouandika ulikuwa wa kulipa kwa mita iliyochimbwa, na mita zihesabiwe na upande wetu. Nani ahesabu? Vijana wangeweza kununuliwa kwa bia. Tukapanga uchimbaji uangukie Agosti.

Agosti ndiyo mwezi wa mkutano mkuu wa wanawake wa Kiigbo. Wake waliosambaa Lagos, Kano, Abuja na ng'ambo wanarudi kwenye mji wa waume zao, wanavaa vitenge vya sare, wanakaa vikao, na asiyefika bila sababu analipa faini. Nilikwenda. Mvua, matope, na Jumatatu hakuna kazi kabisa, kwa sababu tangu Agosti 2021 amri ya wanaharakati wa Biafra ya watu kukaa majumbani siku hiyo ilikuwa imefanya mafundi wengi kusini-mashariki wasitoke. Wanawake walifunga turubai karibu na mtambo, wakapangiana zamu. Wifi yangu mkubwa, mwalimu mstaafu, alichukua daftari la shule na chaki. Kila fito ya chuma iliyoshuka shimoni aliitia namba kwa chaki kabla haijashuka, kisha akaiandika.

Asubuhi moja msimamizi wa wachimbaji alisoma hesabu yake, ikazidi ya wifi kwa fito moja. Wifi hakunyanyua hata sauti. "Mwanangu, hii namba uliyoita ya kwanza leo iliachwa shimoni jana jioni. Ina chaki yangu. Ivute juu uione." Kuivuta ni kazi ya saa nzima. Msimamizi alikuna kichwa, akacheka, akaifuta. Wanawake chini ya turubai wakapiga kelele za furaha, na mmoja akanigeukia, "Nwunye anyi, yaani mke wetu, mwambie mume wako afanye hesabu za Houston hivi." Siku maji yalipotoka yalikuja ya tope jekundu, yakasafishwa kwa pampu mpaka jioni, na sampuli ikapelekwa maabara kabla ya mtu yeyote kuruhusiwa kunywa. Malipo ya mwisho ya mkandarasi tuliyazuia mpaka msimu wa mvua upite, tuone pampu inavyofanya kazi siku za mawingu.

Mfumo wenyewe ni wa kawaida. Jua likiwepo pampu inajaza matangi, na usiku maji yanashuka yenyewe. Betri hazigusi pampu. Zimetengwa kwa taa za chumba cha kuzalia na friji ya chanjo, na chumba cha betri kina kufuli. Vijana walipoanza kuomba kuchaji simu, wanawake waliweka soketi nje penye bomba la kuuzia maji, kwa malipo. Zahanati inapata maji bure, mtu wa nje analipa kidogo kwa dumu, na fedha hiyo inamlipa mlinzi na kuwekwa akiba ya betri mpya, maana betri zitakufa, hilo halina ubishi. Wenye malori ya maji walikuja kulalamika kwa PG kwamba bei yetu inawaua. Akawaelekeza kwa wanawake, na sijasikia kwamba walikwenda. Akaunti ina watia saini watatu: mmoja wa ofisi ya PG, wawili wa wanawake wanaoishi pale pale mwaka mzima. Sisi wa ng'ambo tunaiona taarifa, hatusaini. Hilo nililipigania kuliko kisima chenyewe, na lilipita kwa tofauti ndogo sana ya kura.

Ukumbi haujafa. Kamati yake imeundwa, na imeniomba mfano wa bajeti ya vitu. Nimewapa, nikaongeza safu moja chini: nani atalipia umeme na usafi mwezi Februari. Bado hawajaijaza.

Muhula wangu umekwisha mwaka huu. Mweka hazina mpya, mfamasia mtulivu, nimemkabidhi daftari, nywila za benki, na orodha ya ahadi zisizolipwa. Jina la kwanza kwenye orodha ni la mume wangu.