Kuyumba baada ya kubadilishiwa nyonga: kilichosaidia

Kidonda kimepona, maumivu yamepungua, lakini wiki ya 8 mgonjwa bado anachechemea. Mara nyingi kiungo kipya hakina kosa; misuli ya ubavuni mwa nyonga ndiyo dhaifu, nayo kutembea peke yake hakuitoshi.

Kwanza tulihamisha fimbo. Ikae mkono wa upande mzima: nyonga ya kulia imepasuliwa, fimbo mkono wa kushoto. Wengi huishika kinyume.

Kisha zoezi, baada ya daktari kuruhusu. Shika meza nzito, simama wima, peleka mguu uliopasuliwa pembeni kama sentimita 20, hesabu hadi 3, rudisha taratibu. Mara 10, seti 3 kwa siku. Tazama kidole gumba cha mguu huo: kikigeukia nje, paja la mbele limeiba kazi. Kiwiliwili kikiinama upande wa pili, punguza kimo cha kuinua mguu.

Choo cha kuchuchumaa kilikuwa kikwazo kikubwa. Kiti imara cha mbao kilichotobolewa katikati, chenye kimo cha kuacha magoti chini ya nyonga, kilimrudishia mgonjwa wetu faragha yake.

Shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, nenda hospitali saa hiyohiyo.