Sanamaki na dahuang: haluli inayomaliziwa kupikwa tumboni

Mtu anakunywa sanamaki saa mbili usiku. Saa nne ikifika bado kimya, anaongeza kikombe cha pili. Alfajiri anajipinda kwa msokoto wa tumbo na kulaumu majani kwamba ni makali. Majani hayana kosa. Kikombe cha kwanza kilikuwa bado safarini, na kitu kinachoendesha tumbo kilikuwa hakijatengenezwa.

Wachina huliita jani hili fanxieye, yaani jani la kigeni la kuharisha, kwa kuwa liliwafikia kutoka nje. Haluli yao ya asili ni dahuang, mzizi wa mimea ya jamii ya Rheum inayoota nyanda za juu za Gansu, Qinghai na Sichuan. Sanamaki na dahuang si ndugu hata kidogo, ila zote zina senosaidi, na senosaidi ndiyo inayofaa kueleweka kabla ya kupima gramu yoyote.

Senosaidi ni molekuli ya vipande viwili vilivyoungana, kila kimoja kimebeba glukosi yake. Glukosi hizo zimefungwa kwa namna ambayo vimeng'enya vya utumbo mwembamba haviwezi kuifungua, na molekuli nzima ni kubwa mno kupenya ukuta wa utumbo kwa urahisi. Kwa hiyo inapita tu, karibu yote, hadi utumbo mpana. Huko bakteria huzikata zile glukosi, kisha huvunja kiungo cha katikati. Kinachobaki kinaitwa reini-anthroni, na hicho ndicho haluli yenyewe. Kinazichochea seli za kinga za ukuta wa utumbo zitoe prostaglandini, kemikali ya kupeleka ujumbe kati ya seli, nayo inapunguza milango midogo ambayo seli hutumia kurudisha maji mwilini. Maji yanabaki kwenye choo, misuli inasukuma, choo kinatoka laini.

Watafiti wa Japani walilithibitisha hili kwa panya waliolelewa bila bakteria yoyote tumboni. Walipopewa senosaidi hawakuharisha. Walipopandikizwa aina moja tu ya Bifidobacterium iliyotolewa kwenye choo cha binadamu, wakaharisha.

Kazi yote hiyo huchukua saa 8 hadi 12. Ndiyo maana dawa hunywewa wakati wa kulala: ukinywa saa tatu usiku, itegemee kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa tatu asubuhi. Kuongeza kipimo kabla ya muda huo kupita ni kujitafutia balaa.

Sasa tuje kwenye chungu, maana hapa ndipo wengi wanaharibu. Kiwango cha farmakopia ya China, yaani kitabu rasmi cha dawa, ni gramu 3 hadi 15 za dahuang kwa siku, na gramu 2 hadi 6 za jani la sanamaki. Dawa nyingine za mchanganyiko huloweshwa kwenye maji baridi kama nusu saa, maji yakizifunika kwa vidole viwili, kisha hutokoswa kwa moto mdogo dakika 20 hadi 30. Dahuang haiingii nazo. Hutiwa mwishoni, zikibaki kama dakika 5 kuipua. Sanamaki hata kutokoswa haihitaji: mimina maji ya moto, funika, chuja. Tumia chungu cha udongo au sufuria ya pua au ya enameli. Chungu cha chuma hakifai, kwa sababu tanini za dahuang, vile viambata vya ukakasi, hushikana na chuma na supu inakuwa nyeusi.

Kwa nini dakika 5? Moto ukizidi unaivunja senosaidi na kuzing'oa glukosi humohumo chunguni. Glukosi ndiyo nauli ya kufika utumbo mpana. Dawa iliyokwisha kupoteza nauli yake hunyonywa njiani, kwenye utumbo mwembamba, na haifiki kwa bakteria. Tanini nazo hubaki, na tanini kazi yake ni kukaza. Ndiyo sababu mtu anaweza kutokosa dahuang saa nzima, akanywa, akafunga choo zaidi ya mwanzo. Waganga wa China wanalijua hili siku nyingi na wanalitumia makusudi: dahuang ikichanganywa na mvinyo wa mchele na kupikwa kwa mvuke hadi iwe nyeusi ndani na nje, huitwa shu dahuang, nayo hupewa mgonjwa ambaye hatakiwi kuendeshwa sana. Zhang Zhongjing, tabibu wa mwishoni mwa enzi ya Han, aliagiza mpangilio kama huu kwenye haluli yake kali kuliko zote: kwanza houpo (gome la mti) na zhishi (chungwa changa), halafu dahuang, na mwisho kabisa mangxiao, chumvi ya salfeti iliyo binamu wa chumvi ya haluli ya madukani kwetu. Alifika hapo bila kujua bakteria ni nini.

Aliyetoka kumaliza dozi ya antibiotiki anaweza kuona sanamaki haimfanyi kitu, kama amekunywa maji matupu. Huenda jani halijachakaa. Wapishi ndio wamepungua. Asipandishe kipimo. Bakteria wakirudi, kile kipimo kikubwa kitamkuta. Asubiri, na kwa sasa ale matunda, mboga na maji ya kutosha.

Wiki moja mfululizo inatosha. Kuharisha kwa muda mrefu hupoteza potasiamu: misuli inalegea, mapigo ya moyo yanayumba, na kwa anayemeza digoksini, dawa ya moyo, au vidonge vya kutoa maji hatari inaongezeka. Mjamzito aache dahuang kabisa isipokuwa daktari aseme vingine.

Hatari hiyo ya potasiamu inaongezeka maradufu kwa gancao, mzizi mtamu unaotiwa kwenye michanganyiko mingi ya Kichina ili kulainisha ukali. Utamu wake ni glisirizini, na hiyo pia hukatwa sukari zake na bakteria wa utumbo. Kinachotoka kinazima kimeng'enya cha figo ambacho kwa kawaida hutuliza homoni ya kotisoli. Kotisoli isipotulizwa inaziamuru figo zishike chumvi na kutupa potasiamu, na presha inapanda. Hesabu yake si ngumu: mzizi unaokubalika kisheria China lazima uwe na glisirizini isiyopungua asilimia 2, hivyo gramu 5 zina angalau miligramu 100, na huko Ulaya miligramu 100 kwa siku ndiyo mpaka wa mtumiaji wa kila siku. Mwenye presha anayekunywa chai ya dahuang na gancao ya "kusafisha tumbo" miezi mitatu anamwaga potasiamu kwa milango miwili. Miguu ikianza kuvimba au misuli kukaza usiku, aache na akapime damu.

Si kila dawa inayopikwa na bakteria inaishia utumboni kama senosaidi. Ginsengi, kwa mfano: moja ya viambata vyake vikuu, Rb1, huanza na sukari nne, bakteria huzikata moja baada ya nyingine hadi ibaki moja, na hiyo ndiyo inayonyonywa vizuri. Watu hawana bakteria sawa, kwa hiyo wawili wakinywa kikombe kimoja hawapati dawa moja. Huanglian, mzizi mwingine wa Kichina, ndiyo ya ajabu zaidi. Berberini yake, ile ya manjano na chungu sana, hunyonywa chini ya asilimia 1. Bakteria huigeuza umbo, inapenya ukuta wa utumbo, kisha ikishapenya inarudi kuwa berberini. China imeiuza miaka mingi kama kidonge rahisi cha kuzuia kuharisha cha miligramu 100, na ni wagonjwa wa kisukari walioinywa kutibu kuharisha ndio waliowafanya madaktari waone sukari ikishuka. Mtoto mchanga asipewe: inazidisha umanjano.